PONTI YA MBELE YA JEEP: TUITIE NGUVU WAPI?



Wengi wenu mumetuuliza neno moja: fundi akitaka kutia nguvu ponti ya mbele ya jeep, anaanzia wapi? Swali hilo si la mchezo. Land Cruiser zinazopanda kutoka Kasindi mpaka Beni, kilometa 80 hivi, na kutoka Beni mpaka Butembo, kilometa 54, tunaziona kila siku: watu ndani, mifuko juu, bidoni pembeni, na mbuzi mmoja anayelia. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, jeep za namna hiyo ndizo zilizopeleka wauguzi na chanjo mpaka vijiji ambako gari dogo haliwezi kufika. Na tangu mwaka 2014, hakuna mutu wa Beni anayehitaji kufundishwa maana ya gari kukatika ponti katikati ya pori saa kumi na moja ya jioni. Kwetu hapa, gari linalosimama njiani si hasara ya mali peke yake.

Mwaka 2021 kulizinduliwa kazi ya kutia lami toka Kasindi mpaka Beni na toka Beni mpaka Butembo. Wengine wakasema: basi, shida ya ponti imekwisha. Hapana. Mwenye kutoka Butembo kwenda Manguredjipa, au kushuka mteremko wa Kabasha kati ya Kanyabayonga na Rwindi, anajua ya kwamba udongo na mawe vina miaka mingi mbele yao. Tena shimo moja dogo kwenye lami, ukiliingia na mwendo wa 80, linapiga ponti kuliko mashimo kumi ya udongo uliyoyapita pole pole.

Tuseme mapema mawazo yetu, kisha tutaeleza sababu zake. Mara mingi ponti haina lazima ya chuma kipya. Ina lazima ya kuondolewa kile kinachoivunja. Na kama chuma ni lazima kweli, kitiwe pale panapopinda, si popote pale bageti inapoweza kufika. Shofere anakuja garaje na kusema: «Fundi, tia chuma mbele, barabara iko mubaya.» Fundi anatia chuma. Kiisha mwezi mmoja kinakatika kitu kingine. Kwa nini? Ndilo somo letu.

Ponti imetengenezwa namna gani

Tuchukue Land Cruiser, maana ndiyo iliyo mingi kwetu. Aina ya 70 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1984, na ile yenye ponti ngumu mbele inaendelea kutengenezwa hata leo. Ponti ngumu maana yake ni nini? Ni kwamba gurudumu la kushoto na la kuume zimefungwa juu ya bomba moja la chuma lisilopinda katikati. Moja likipanda juu ya jiwe, bomba zima linainama, na la pili linasikia habari.

Katika bomba hilo mna uvimbe mkubwa upande mmoja: ni nyumba ya diferansiele, ambayo inagawa nguvu ya mashini kwa magurudumu mawili. Toka hapo unatoka mhimili mmoja kwenda kushoto na mwingine kwenda kuume, ndani ya bomba. Mpaka hapa ni sawa na ponti ya nyuma.

Lakini magurudumu ya mbele yana kazi mbili: kuvuta na kugeuka. Ndiyo maana mwisho wa bomba kumetiwa tufe kubwa la chuma lenye uwazi ndani. Kichwa cha gurudumu kinalishika tufe hilo kwa rulema mbili ndogo, moja juu na moja chini, tunaziita rulema za pivo. Na ndani ya tufe mhimili unaungwa kwa kiungo ambacho mafundi wanakiita Birfield. Kina marisawa makubwa sita, ndiyo gololi sita za chuma, zinazotembea katika mifereji. Hivi mhimili unaweza kuzunguka hata gurudumu likiwa limegeuka. Kazi hiyo ilifikiriwa na mhandisi Alfred Rzeppa, huko Marekani, katika miaka ya 1920. Tangu siku hizo imebadilika kidogo sana.

Sasa muone ya kwamba ponti ya mbele ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kuna nyumba, yaani bomba, ambayo inabeba uzito. Kuna mihimili ndani, ambayo inapeleka nguvu ya kuzunguka. Nyumba inapinda, mhimili unakatika. Ni magonjwa mawili mbalimbali, na dawa ya moja haiponyeshi lingine. Mutu anayelehemu chuma juu ya bomba kwa sababu Birfield imevunjika anafanya kama yule anayefunga bendeji kichwani kwa maumivu ya tumbo.

Nyumba inapinda namna gani

Tuchukue hesabu za duara. Ponti ya mbele imebeba kilo 1.500. Kila gurudumu linasukumwa na udongo kwenda juu kwa kilo 750, ni kusema nyutoni 7.500 hivi. Resori nazo zinasukuma chini, lakini hazikai juu ya gurudumu. Zinakaa ndani zaidi, tuseme sentimetri 30 toka gurudumu. Nguvu ya kupinda ni 7.500 mara 0,3, yaani 2.250 N·m. Hiyo ni kwa gari lililosimama. Gurudumu likianguka katika shimo, nguvu inaweza kupita mara mbili au tatu. Kwa mara tatu tunapata 6.750 N·m, bila kuongeza hata mfuko mmoja wa viazi.

Ncha mbili za bomba zinasukumwa juu na katikati inasukumwa chini. Bomba linataka kupinda kama mdomo unaocheka. Upande wa chini unavutwa, upande wa juu unabanwa. Chuma hakiogopi sana kubanwa. Ufa unapenda kuanza pale panapovutwa. Ndiyo maana fundi mwenye akili analala chini ya jeep na taa, na kuangalia chini ya shingo, pale bomba linapoungana na tufe. Ufa mchanga hauonekani kama ufa. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu katika vumbi la mafuta.

Bomba likipinda hivi, magurudumu yanainama: kichwa cha juu kinaingia ndani. Mipira inaanza kulika upande wa ndani peke yake. Shofere ananunua mipira mipya, inalika vile vile, na anasema ile mipira ilikuwa mibaya. Bure! Mpira unatoa ushuhuda wa kweli, lakini hakuna anayeusikiliza.

Mhimili unakatika namna gani

Sasa twende ndani ya bomba. Mashini ya 1HZ, ile ya mazutu yenye silinda sita na litri 4,2, inatoa karibu N·m 280. Vitesi ya kwanza inazidisha zaidi ya mara 4, ile ndogo ya porini karibu mara 2, na diferansiele karibu mara 4. Tufanye hesabu: 280 mara 4 mara 2 mara 4 inafika karibu 9.000 N·m. Kama magurudumu ya nyuma yanaelea katika matope, nguvu karibu yote inaweza kuelekea mbele, na diferansiele inaigawa nusu kwa nusu: 4.500 kila upande.

Lakini je, gurudumu linaweza kupokea 4.500? Kwa kawaida, hapana. Mpira wenye kubeba nyutoni 7.500, wenye kushika udongo mukavu kwa 0,8, na wenye nusu-kipenyo cha sentimetri 40, unaanza kuteleza kwenye 2.400 N·m. Mpira unateleza kabla chuma hakijakatika. Ni sawa na fuzibli ya umeme nyumbani: inakufa yenyewe ili nyumba isiungue.

Hapo tunaelewa namna watu wanavyoiua Birfield. Gurudumu limebanwa kati ya mawe mawili, haliwezi kuteleza tena; fuzibli imefungwa kwa waya. Shofere anageuza usukani mpaka mwisho na kukanyaga mazutu. Usukani ukiwa mwisho, gololi sita zimefika karibu na ncha za mifereji yao, pale chuma ni chembamba na mzigo haugawanyiki sawa sawa. Tunasikia «pa!», na jeep inabaki na magurudumu ya nyuma. Mipira mikubwa kuliko ile ya kiwanda inafanya vilevile: inashika zaidi, na mkono wake ni mrefu zaidi. Kijana anayetia mipira mikubwa kwa uzuri ameongeza mzigo wa Birfield bila kuiongeza Birfield yenyewe.

Dawa ya kwanza hapa haina bei: usukani ukiwa mwisho, usikanyage. Rudisha usukani kidogo, rudi nyuma, ondoa jiwe, chimba. Dawa ya pili ni buloni ndogo inayozuia kichwa cha gurudumu kisigeuke kupita kiasi. Iko nyuma ya kila gurudumu la mbele, na mara mingi mutu ameilegeza ili gari lipate kugeuka katika njia nyembamba za sokoni. Irudishwe mahali pake.

Kupima kabla ya kushika bageti

Tunashauri kila fundi kijana afanye kazi hii kwanza, hata kama mwenye gari ana haraka. Wenye gari wote wana haraka.

Inua gurudumu moja kwa kriki, weka gogo chini ya sasi, usitegemee kriki peke yake. Shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, ulitikise. Kama linacheza, mwambie mwenzako akanyage freni, kiisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, shida ni rulema za gurudumu. Ukibaki, shida ni rulema za pivo. Jambo hili dogo lingeokoa franka nyingi, maana tunaona watu wakibadilisha rulema nne ambapo moja tu ilikuwa imekufa.

Rulema za pivo zikilegea, usukani unaanza kutetemeka kwenye kilometa 50 au 60 kwa saa, mpaka shofere anashika kwa mikono miwili na abiria wananyamaza. Wengi wanatia amortisa kubwa ya usukani ili kuficha ugonjwa. Afadhali kupima. Ondoa bara ya usukani, ondoa na ule mpira unaopangusa tufe, maana unakaza na utakudanganya. Kiisha funga mizani ya ndoano, ile ya wenye kununua kahawa, kwenye tundu la ile bara, na uvute kichwa cha gurudumu pole pole. Kwa Land Cruiser nyingi za zamani mizani inapaswa kusoma kilo 3 mpaka 6 kichwa kikianza kugeuka. Chini ya hapo, punguza vile vibati vyembamba vilivyo kati ya kifuniko na nyumba, kimoja kimoja. Lakini usiviondoe upande mmoja tu, maana kichwa kitahama toka katikati na mpira wa mafuta utakufa.

Sasa angalia tufe lenyewe. Linatakiwa kuwa na grisi kidogo, nyeusi, nyembamba kama rangi. Ukiona mafuta yanashuka mpaka ndani ya gurudumu, ule mpira wa ndani unaozuia mafuta ya diferansiele (mafundi wetu wanauita spi) umechoka. Mafuta yanaingia katika grisi, grisi inakuwa kama supu, na Birfield inazunguka bila ulinzi. Ukiona supu ya rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Tembeza gari pole pole pahali pa wazi, kitasa cha katikati ya gurudumu kikiwa kwenye LOCK na vitesi ya mbele imeingizwa, geuza usukani sana. Ukisikia «ta-ta-ta», Birfield inakuaga.

Mwishoni pima kama nyumba imepinda. Weka jeep pahali pa sawa sawa, simenti ya magazini inafaa. Shusha timazi, yaani kamba na buloni nzito, mbele ya gurudumu lililoelekea mbele. Pima toka kamba mpaka ukingo wa juu wa jante, kiisha ukingo wa chini. Jante ya inchi 16 ina karibu sentimetri 40 toka juu mpaka chini. Kama juu imeingia ndani kwa sentimetri 1 kuliko chini, ni 1 kugawanya kwa 40, yaani digrii 1,4 hivi. Gurudumu zuri la jeep hizi linasimama karibu wima, na kwenye aina nyingi juu inatoka nje kidogo. Basi digrii 1,4 ya kuingia ndani, baada ya kuhakikisha rulema ni nzima, ni nyumba iliyopinda.

Nguvu isiyotaka moto

Tulisema mara mingi ponti haina lazima ya chuma kipya. Tutoe mifano.

Juu ya kichwa cha gurudumu kuna mkono wa usukani, umefungwa kwa buloni nne zenye vikombe vya koni. Buloni hizo zikilegea kidogo, zinaanza kukata moja baada ya moja. Ya nne ikikatika, usukani unageuka na gurudumu halifuati. Fikirini jambo hilo kwenye mteremko wa Kabasha, bonde liko upande wa kushoto. Hakuna chuma juu ya bomba kitakachosaidia. Kinachosaidia ni kukaza kwa kiasi, karibu 95 N·m kwa nyingi, na kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Hatuna ufunguo wa kupima? Chukua ufunguo wenye bomba la metri 1, ulaze sawa sawa, na tundika kilo 10 kwenye ncha yake: ni 98 N·m, unakaribia kabisa. Fizika ya darasa la tatu inatosha.

Kuna tena kipumulio, kile kitundu kidogo juu ya ponti. Kazi yake ni nini? Ponti ikitembea inapata moto. Tuseme hewa ndani imefika digrii 80. Jeep inaingia mto, ponti inapoa mpaka 20. Kwa hesabu ya gazi tunaongeza 273: toka 353 tunashuka mpaka 293. Kama hewa haina njia, presio ndani inabaki 0,83 ya kwanza. Ponti inavuta kama mutoto anayenyonya, na inanyonya nini? Maji ya mto, kupitia mipira ya spi. Tena kipumulio kikizibwa na matope, wakati wa joto presio inasukuma mafuta nje. Mrija wa mpira wa metri mbili toka ponti mpaka juu karibu na betri unamaliza mambo hayo. Kwa maoni yetu, hakuna kazi inayotoa faida kubwa hivi kwa bei ndogo hivi.

Sasa bampa. Siku hizi kila jeep inataka bampa ya chuma kizito na treyi mbele. Tuseme bampa ni kilo 80, na inakaa sentimetri 75 mbele ya ponti. Toka ponti ya mbele mpaka ya nyuma ni metri 3. Ponti ya mbele inapokea 80 mara 3,75 kugawanya kwa 3, ni kilo 100, si 80! Na nyuma inapungukiwa kilo 20. Mutu aliyekuja kutafuta nguvu amejiongezea mzigo.

Na kuhusu kuongeza lame katika resori, tuseme kidogo tu. Resori ngumu haiondoi pigo. Inalipitisha lote kwa ponti na sasi. Ikiwa gari linabeba kila siku, lame moja inafaa. Ikiwa linabeba mara moja kwa juma, siku zingine sita linajipiga lenyewe. Mwenye chukudu akiongeza mfuko wa makaa haongezi mbao mbele. Anashuka mulima kwa miguu, pole pole.

Kama lazima kulehemu

Kuna jeep ambazo lazima zitiwe nguvu kweli: zile zenye kazi ngumu kila siku, au zile ambazo nyumba yake imekwisha kupinda na imenyooshwa. Basi tufanye vizuri.

Kwanza jaribu hili darasani. Chukua rula ya plastiki, iweke juu ya vitabu viwili, sukuma katikati. Ikilala, inapinda kwa kidole. Isimamishe kwa ukingo, haipindi. Ni rula ile ile! Hesabu yake: chuma chenye unene wa milimetri 6 na upana wa 60, kikilala, kina 60 mara 6 mara 6 mara 6, kugawanya kwa 12, ni 1.080. Kikisimama kina 6 mara 60 mara 60 mara 60, kugawanya kwa 12, ni 108.000. Mara mia moja, kwa uzito ule ule. Kwa hiyo fundi anayebandika tole nene limelala juu ya bomba anaongeza kilo nyingi na nguvu kidogo. Afadhali tole la milimetri 6 lililosimama kama ukuta juu ya bomba, toka kiti cha resori mpaka kingine, likipita juu ya uvimbe wa diferansiele. Chini pasitiwe kitu kirefu, maana mawe yatakikamata. Chini ya shingo ya tufe tu, mbele na nyuma, tunatia pembe tatu ndogo za chuma cha milimetri 6 au 8.

Kazi inaanza kwa kuondoa. Ondoa magurudumu, vichwa, mihimili, mipira ya spi, na mwaga mafuta yote. Kipumulio kibaki wazi. Ondoa waya ya betri. Diferansiele ya zamani, iliyokufa, ifungwe mahali pake kwa buloni zake zote, ili ishike uso wa nyumba usipinde na moto. Waya ya ardhi ya mashini ya kusudé ifungwe juu ya bomba lenyewe, karibu na kazi, umeme usipite katika rulema yoyote.

Tufe usiliguse. Uso wake lazima uwe laini kama yai, maana mpira unapangusa hapo; tone moja la soduri linatosha kuukata. Lifunge kwa kitambaa chenye maji.

Bageti za kawaida zinashika haraka, lakini kwa kazi hii tunapendelea zile za baziki, zenye maandishi 7018, na lazima ziwe kavu. Hapa Butembo, kwenye metri zaidi ya 1.700, na ukungu wetu wa asubuhi, paketi iliyofunguliwa juma lililopita imekwisha kunywa maji. Maji hayo yanaleta haidrojeni katika soduri, na haidrojeni inaleta ufa baada ya siku chache, wakati gari liko njiani. Zikaushwe katika furu yenye moto wa digrii 300 au zaidi, si juu ya paa la garaje.

Kiisha piga vipande vya sentimetri 3 au 4, kimoja kushoto mbele, kingine kuume nyuma, na ungoje. Ungoje kweli, mpaka mkono uweze kukaa juu ya chuma. Soduri ikipoa inajikaza na kuvuta. Ukipiga mstari mzima mara moja juu ya bomba, utaliinua kama upinde, na umetengeneza wewe mwenyewe ile nyumba iliyopinda. Usimwage maji ili kuharakisha. Usizungushe soduri kukata mgongo wa bomba toka upande mpaka upande. Acha ncha za tole zishuke pole pole mpaka sifuri, kama mkia, maana ufa unapenda kuanza pale soduri inapoishia kwa ghafula. Kila baada ya vipande vinne, tandaza kamba toka ncha mpaka ncha na kupima. Kazi ya siku moja ikifanywa katika siku mbili, ndiyo mwendo wake.

Ukirudisha, tia mipira mipya ya spi. Angalia vizuri rulema unazonunua: nyingi zinafika Butembo kupitia Kasindi, toka Dubai au Kampala, na katika karatoni nzuri mnaweza kuwa na chuma kibaya. Izungushe kwa kidole karibu na sikio. Kiisha kilometa 100 za kwanza, kaza tena zile buloni nne za mkono wa usukani, pande zote mbili, na ushike kitovu cha gurudumu kwa mkono: kikiunguza, rulema imekazwa kupita kiasi.

Sasa ponti imekuwa ngumu. Je, lile pigo lililokuwa likiipinda limeenda wapi? Halikufa. Limeenda kwa jirani yake: kwa viti vya resori, kwa buloni zenye umbo la U, kwa sasi karibu na sanduku la usukani. Hapo ndipo taa yenu iangalie kila mwezi.

Zoezi kwa darasa la tano: jeep yenye metri 3 kati ya ponti mbili imefungiwa mbele treyi ya kilo 40, sentimetri 90 mbele ya ponti. Ponti ya mbele inapokea kilo ngapi zaidi, na nguvu ya kupinda inaongezeka N·m ngapi kila upande, kama resori iko sentimetri 30 toka gurudumu? Leteni majibu kabla toleo lijalo halijachapwa.